Maharage Yanaungua Mbele ya Wakwe

Nimefikia umri ambao mtu hutakiwa kuchekwa kwa sababu ya meno tu, lakini mimi nachekwa kwa sababu ya maharage. Vijana wa bodaboda pale njia panda wakiniona nashuka kwenda kanisani wanaitana, "Bibi, maharage!" halafu wanajifanya wanafuta vioo vya pikipiki zao, na juzi hata mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye wajukuu, alinipa mkono huku ameuma mdomo wa chini. Aibu imeshautembea mlima mzima na kila anayeihadithia anaongeza la kwake (wapo wanaosema nilizimia, sikuzimia, mimi sijawahi kuzimia), kwa hiyo naandika mwenyewe ilivyokuwa, kwa mkono huu wa darasa la nne, anayetaka kucheka acheke ya kweli.

Kwanza mjue kwamba mimi nilikuwa mtu wa kuogopwa kwa mambo ya vitabu na filamu. Kwenye jumuiya yetu hakuna aliyesifu kitu kabla mimi sijatoa neno. Kuna siku kwenye mnada wa baada ya ibada, katikati ya mikungu ya ndizi na jogoo, kililetwa kitabu cha ndoa yenye furaha, jalada linang'aa, mwandishi mwenyewe kaegemea gari jeupe, na kila mtu anasema hicho ndicho kitabu, nikakigombania mpaka mama mmoja akaninunia na jogoo niliyemtaka akachukuliwa na wengine. Nikakisoma chote, kidole chini ya mstari. Nawaambia, kurasa zote zile hakuna mtu aliyeugua, hakuna aliyefua, hakuna mkwe aliyekuja bila taarifa. Mume anamletea mke maua. Maua! Marehemu mume wangu aliniletea mbolea ya kahawa na tuliishi vizuri mpaka akafa. Kitabu kile sasa kimewekwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba, na hapo angalau kimeisaidia ndoa, maana kabati lenyewe ni la harusi yangu. Filamu nazo ni yale yale. Ile ya magari, iliyosifiwa na mtaa mzima, watu wanakimbizana jioni nzima na hakuna hata mmoja anayefika alikokuwa anakwenda.

Filamu moja tu ndiyo iliyonishinda kwa uzuri. Aliileta mjukuu wangu Neema, binti wa mwanangu Anaeli. Neema anafanya kazi ofisi moja kule mjini, Njiro, na kila Jumamosi akija nyumbani anakuja na flashi yake tunatazama wawili. Ni ya Wakorea, imetafsiriwa na yule kijana ambaye anaongea juu ya filamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kumeza mate. Nilitegemea mateke. Kumbe ni binti yatima, anauza tambi sokoni, na akikutana na mtu mzima anainama mpaka nywele zinagusa magoti. Huyo ndiye mtoto! Anapata kazi kwa bosi mwenye kiwanda, wanapendana kwa heshima, wanafunga ndoa. Na mambo ya kushikana hakuna. Binti anabaki peke yake na bosi, kinanda kinaanza polepole, Neema ananiambia, "Bibi, maharage yanaungua," nakwenda jikoni, nakoroga, naongeza maji, nikirudi nawakuta wameshavaa makoti wako ofisini. Nikasema hawa Wakorea ni watu wa kazi, hawapotezi muda.

Nikaisifu. Niliisifu kwenye jumuiya, nikaisifu kwa mwinjilisti, nikasema hiyo ndiyo filamu ya maadili, na vijana wote wa mjini wangefungiwa ndani waitazame.

Sasa Neema akapata mchumba, Lemayani, kijana mrefu mpole, kwao ni Terrat, watu wa ng'ombe na mahindi. Mimi sikuwa na neno na ng'ombe, nilikuwa na neno na adabu. Nikamwita mshenga wao, mzee mwenye duka la mabati Levolosi, nikamtuma akaulize: kijana anatazama filamu gani? Mshenga alinitazama kama vile nimeuliza kijana analalia ubavu upi, lakini swali alilipeleka, na jibu likarudi kwamba kijana anatazama mpira na taarifa ya habari, basi. Nikaridhika. Nikasema waje.

Wakaja, na mvua ikaja nao. Alikuja baba yake Lemayani, Mzee Laizer, na fimbo yake ya heshima. Akaja shangazi mmoja mwenye macho ya kuhesabu vyombo vya watu. Akaja Lemayani mwenyewe, na bibi yake, ambaye wao wanamwita Koko, mwembamba, shanga shingoni, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Niliambiwa Koko akikataa jambo limekataliwa. Neema alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, haonekani mpaka aitwe. Jikoni mbuzi anaiva, ndizi zinaiva, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando imejaa kwenye vibuyu, makochi nimeyavalisha vitambaa vyangu nilivyofuma kwa mkono. Kilichokosekana ni mshenga. Gari lake lilikuwa limezama kwenye tope kule chini, vijana wanalisukuma.

Na mnajua ilivyo, bila mshenga neno halianzi. Huwezi kutaja binti, huwezi kutaja ng'ombe, huwezi hata kuuliza wageni wamekuja kufanya nini ingawa hata mbwa wa nyumbani anajua. Tulisalimiana tukamaliza, tukaongea mvua tukamaliza, tukaongea bei ya mbegu tukamaliza, halafu kukawa kimya mpaka namsikia Koko anavyomeza chai. Shangazi akaanza kuangalia lile kabati, akateremka nalo mpaka kwenye kitabu cha ndoa pale chini ya mguu. Nikaona sasa tunadharaulika.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ningeweza kuimba pambio. Ningeweza kuomba sala ndefu, nazijua. Nikasema, "Anaeli, hebu weka ile filamu yangu, wageni waone filamu yenye maadili."

Mwanangu hajawahi kuitazama, akachomeka flashi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Binti wa tambi akamwinamia mzee mmoja sokoni, Mzee Laizer akasema, "Aisee, huyu mtoto kalelewa." Binti akainama tena, Koko akaacha kunywa chai. Nikawa nawaeleza kabla mambo hayajatokea, huyu ndiye bosi, huyu mwenye midomo myekundu ndiye mbaya, tulieni mtaona, (nilikuwa nimekaa kama mwenye kiwanda mwenyewe), na nikatupa na neno, "Sisi nyumba hii hatutazami kila kitu."

Kinanda kikaanza polepole.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Neema, kali, ya mtu aliyekalia siafu: "Bibi! Maharage!"

Na mimi nikainuka. Wallahi kama ningekuwa Mwislamu ningeapa hivyo. Sikufikiri, miguu ilishazoea, nikawaacha wakwe zangu na bosi na binti pale sebuleni, nikaenda jikoni moja kwa moja kuokoa maharage. Nikamkuta mkwe wangu, mama yake Neema, anapakua nyama.

"Maharage yako wapi?"

"Maharage gani, mama? Siku ya posa nani anapika maharage?"

Nikasimama na mwiko mkononi. Nikakumbuka Jumamosi zote zile, mimi na mwiko wangu, na nikakumbuka jambo ambalo hata siku moja sikuwa nimelifikiria: maharage yale hayakuwahi kuungua. Hata kunata chini.

Nilirudi nakimbia, na mimi sikimbii tangu mwanangu wa mwisho abatizwe. Nilichokiona kwenye tivii sikiandiki. Niseme tu kwamba yule binti hakuwa ameinama kwa sababu ya heshima. Mzee Laizer alikuwa anakagua bati za dari moja moja. Lemayani anaangalia viatu vyake kama kavinunua saa hiyo. Shangazi kafunika macho kwa kiganja, ila vidole vimeachana kama meno ya reki. Anaeli kakamata rimoti (ile naiweka ndani ya nailoni isichakae) anabonyeza, na sauti inapanda.

"Zima!"

"Nabonyeza, mama, haisikii!"

"Chomoa!"

"Waya uko nyuma ya kabati!"

Nikavua kanga yangu ya begani nikaifunika tivii. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, maana picha ilipotea lakini yule kijana wa kutafsiri alibaki, na alikuwa kazini, tena sasa watu wote wanamsikiliza yeye peke yake. "Mtazamaji wangu," anasema chini ya kanga, "hapo bosi joto limemzidi, anaanza na kifungo cha kwanza... cha pili hicho kinafuata... usiondoke hapo, mtazamaji!" Na umeme wetu, ambao hukatika hata siku ya Pasaka katikati ya wimbo, siku hiyo ulisimama imara kama mwamba. Alifika kifungo cha mwisho ndipo Anaeli akalisukuma kabati, kitabu kikaruka, vikombe vikalia, waya ukachomoka.

Ikabaki mvua tu juu ya bati.

Shangazi akashusha kiganja. "Kumbe hii ndiyo ya maadili," akasema, taratibu, kila neno analipima. "Na sisi ndio tuliotumiwa mtu kuulizwa kijana wetu anatazama nini."

Mzee Laizer akaichukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukutani. Mzee wa kule akishika fimbo anaaga. Nyuma ya pazia nikasikia Neema anavuta kamasi, mtoto wangu niliyemlea, siku yake inaondoka kwa ajili ya mdomo wangu.

Nilikuwa na njia ya kujitoa, na ilikuwa ya kweli. Ningesema, jamani, mimi sehemu hii sikuwahi kuiona, binti alikuwa ananituma jikoni. Mimi ningebaki msafi. Lakini fikirini: kama mimi sikuiona, aliyeiona ni nani? Ningekuwa nimemvua mjukuu wangu nguo mbele ya wakwe kabla hajapelekwa kwao. Basi nikavuta pumzi, nikasema jambo ambalo sikutegemea mdomo huu ungelisema maishani.

"Filamu ni yangu," nikasema. "Nimeitazama mpaka nimeikariri. Neema hahusiki, ni mimi ndiye ninayeipenda."

Anaeli alinitazama kama nimemwambia nahamia baa. Shangazi akasonya. Mzee Laizer akaegemea fimbo anataka kuinuka.

Ndipo Koko akaongea kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kaa," akamwambia mwanawe, naye mzee mzima akakaa. Koko akanigeukia. "Mwenzangu, hayo maharage yalipatikana?"

"Hayakuwepo," nikasema.

"Mimi kwangu ni mbuzi."

Hatukumwelewa.

"Naambiwa, 'Koko, mbuzi wameingia kwenye mahindi,'" akasema. "Nachukua fimbo, natoka, nazunguka shamba lote, mbuzi wako zizini wamelala. Nikirudi, yule bosi ameshavaa koti." Halafu akageuza shingo taratibu akamtazama mjukuu wake. "Lemayani. Kumbe huwa anavua?"

Lemayani, wa mpira na taarifa ya habari, alizama kwenye kochi mpaka kitambaa changu kikamwangukia kichwani.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Laizer, cheko la ng'ombe anakohoa, akaishika fimbo kwa mikono yote miwili asianguke. Shangazi akajikaza, akajikaza, akashindwa. Nyuma ya pazia Neema analia na kucheka kwa mpigo mmoja, na Koko ananipiga paja anasema, "Tumetembezwa, mwenzangu! Wametutembeza kama ndama!" Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mshenga, tope mpaka kwenye kola, akatuona wote tunafuta machozi, wakwe wameegemeana, tivii imevaa kanga, akauliza kwa uchungu kabisa, "Mmeanza bila mimi?"

Posa ilikubaliwa siku ile ile. Ng'ombe walijadiliwa kwa haraka, maana kila upande ukianza kukaza, mmoja anasema "maharage" na mwingine anajibu "mbuzi", basi tunalegea. Neema sasa yuko kwake na Lemayani, na aibu ameniachia mimi, ndiyo hiyo wanayoiimba vijana wa bodaboda.

Mwisho wa yote, Koko alipokuja kunitembelea tuliitazama filamu ile nzima, sisi wawili, mlango tumefunga na komeo. Nitatoa neno langu kama nilivyozoea. Sehemu tulizofichwa ni za kukatisha tamaa. Wanashikana muda ambao mtu angemenya mkungu mzima wa ndizi, hakuna linalosemwa, hakuna linalosonga mbele, na yule kijana wa kutafsiri anajirudia. Filamu tuliyokatiwa kwa maharage na mbuzi ilikuwa nzuri kuliko filamu yenyewe, na hilo hata Koko alikubali, akasema mbuzi wake walikuwa na akili kuliko aliyeitengeneza.

Basi nimeweka nadhiri: sisifu tena mbele za watu kitu ambacho sijakiona chote, kiwe kitabu, kiwe filamu, kiwe mchumba. Na kinanda kikianza polepole, sisubiri mtu aniite. Naangalia kwanza kidogo, nikiona hakuna jipya, naenda jikoni mwenyewe.