Kabari za Pikapu ya Mama Awino

Chekeni mkitaka, lakini mimi bado nasema kuinua ile pikapu lilikuwa wazo zuri. Mama Awino huleta samaki Kisumu kutoka Bondo, na gari lake kuukuu lilikuwa likikwama kila mvua iliponyesha. Niliinua springi za nyuma, kisha nikaweka kabari juu ya ekseli ili mdomo wa difu, ile gia kubwa ya nyuma, uangalie juu na propela, chuma kinachoizungusha kutoka kwa injini, ikae sawa.

Kesho yake alirudi gereji yangu hapa Nyalenda. "Fundi, gari inatetemeka mpaka meno inagongana."

"Ni tairi, Mama."

Akabadilisha tairi, akarudi tena. "Bado inatetemeka."

"Basi ni mguu wako. Unaachilia klachi vibaya."

Mama huyu alianza kuendesha gari nikiwa shule ya msingi, na bado nilimwambia hajui klachi mbele ya wateja. Nikachukua usukani nimwonyeshe udereva. Kwenye lami laini kabisa, pikapu ilitetemeka hadi kioo cha pembeni kikajikunja. Hata hapo sikukubali. Nilisimama kando ya barabara, nikaingia chini ya gari kutafuta alichoharibu. Yeye akapiga magoti, akachungulia.

Mdomo wa difu ulikuwa umeinamia ardhi, na propela imekaa mshazari. Maneno yakanitoka kabla sijayazuia: "Kumbe kabari niliziweka kinyume."

"Na hiyo pia," akauliza Mama Awino, "ni mguu yangu?"

Nilimwomba anipitishie spana.