Nyasi Isiyong'olewa

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, enzi za Mwingereza, niliogopa nyasi moja kuliko nilivyomwogopa mchungaji wetu wa Kimoraviani.

Ilimea kwenye mbuga yetu huko Usoke, kando ya chemchemi ambako zamani wapagazi wa misafara walitua mizigo. Bibi Nyamizi, mama yake baba, aliisuka na kuwafunga wajawazito kiunoni. Aliikata kwa kisu juu ya kifundo cha shina ili ichipue tena. "Ukiing'oa na mizizi, Kalunde, umeing'oa na mimba iliyomo nyumbani mwenu," aliniambia.

Kwa macho huwezi kuitofautisha na majani mengine ya mbugani. Sharti usugue shina mpaka linuke maziwa mabichi. Bibi alinifundisha mimi peke yangu, nami nikavimba kichwa.

Mwaka mmoja wa ukame yalibaki mashina matatu tu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alikwisha kupoteza mbili. Ndipo akaja mzungu wa mimea na karani wake, wakiitafuta nyasi ile. Walizunguka mbugani siku kadhaa wakikusanya majani yasiyo yenyewe.

"Bwana anasema nyasi hiyo ni adimu," karani alituambia watoto. "Anataka iandikwe, itunzwe, isije ikapotea duniani."

Kiherehere changu! "Hizo siyo," nikasema. "Nuseni." Nikawapeleka.

Nilidhani mzungu angekata. Loo, akatoa sepetu! "Bila mizizi haitambuliki," karani akanieleza. Nilitaka kupiga kelele. Mkononi nilikuwa nimekwisha kupewa penseli nyekundu. Mashina mawili aliyalaza katikati ya magazeti, la tatu akalitia koponi akalipande kwake. Alifanya taratibu, kwa upendo kabisa.

Wiki ile ile Mama alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Wanawake wakaenda mbugani, wakakuta mashimo. Mama aliuliza akiwa bado kitandani, "Nani ameing'oa?"

Bibi alinitazama. Alijua, nani mwingine angeitambua? Nikafyata mdomo.

"Ni mimi, mama Kalunde," Bibi akasema. "Nilitaka kuihamishia penye unyevu."

Tangu siku hiyo Mama alimpa shikamoo ya adabu tu, basi. Chakula chake nilipeleka mimi. Wajawazito nao wakaacha kubisha hodi kwake. Aliishi hivyo miaka mingi, mpweke katika boma la mwanawe. Siku moja nilimwambia nitasema ukweli. Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Wewe mama yako ni mmoja."

Sasa na mimi ni bibi. Wauguzi wamenieleza kwamba nyasi haiui mtoto tumboni, nami nimekwisha kukubali siku nyingi. Pale mbugani ni majaruba ya mpunga, na nyasi ile sijaiona tena. Labda imelala kavu mahali fulani, ina jina la kizungu. Lakini Bibi aliadhibiwa kwa ukimya wangu, na hilo hakuna muuguzi wa kuniondolea.

Mama alipokuwa anakata roho nilimshika mkono. "Bibi yako," akasema, "Mungu ndiye atamsamehe. Mimi nimeshindwa."

"Pumzika, Mama," nikamwambia.

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado niliogopa.