Mkono wa Tetemeko na Shavu la Mama Yake

Mimi ni fundi rangi. Sijisifu, ila ukipita mtaani ukaona ukuta umetulia kama maji ya mtungini, usihangaike kuuliza nani kaupaka. Shule niliiacha pale walipoanza kuchanganya herufi na namba kwenye hesabu moja, nikaona hapa watu wanatafutana ubaya. Lakini rangi naijua. Nimening'inia kwenye ngazi huku upepo unanichezea suruali na sikutikisika. Ndiyo maana nashangaa kwamba asubuhi iliyonitia tumbo joto kuliko zote nilikuwa nimesimama sakafuni, chumbani kwa dada yangu, mbele ya kikopo kidogo kama kifuniko cha soda.

Ndani ya kikopo mlikuwa na ule unga wa kung'arisha uso ambao mabinti wanauita hailaita. Aliyekishika ni mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada. Jina la nyumbani nilimpa mimi: Tetemeko. Tangu mdogo, ukimwita tu mikono inaanza kucheza. Akikuletea chai, nusu yake unainywa kwenye sahani. Huyo ndiye aliyeamua kujifunza kupamba nyuso za watu. Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikakohoa, nikamuuliza kama saluni yao inawapa wateja miwani ya kuchomelea ili wasitobolewe macho. Alicheka na yeye, lakini kicheko chenyewe kilitetemeka.

Kusema kweli, pale saluni alikuwa bado anafagia nywele na kuosha vichwa. Uso wa mtu hajaugusa. Aliwahi kujipaka mwenyewe mara kadhaa, akajiangalia, akanawa haraka kabla mtu hajaingia.

Sasa dada yangu. Yeye ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo, na kazi yake kubwa ni ya getini asubuhi: kuwapokea watoto kutoka mikononi mwa wazazi wanaokimbilia makazini. Msiione ndogo. Kuna katoto kamoja wanakaita Gundi, kwa sababu kakimshika mama yake hakabanduki. Kila mtu pale kituoni amejaribu. Dada ndiye pekee anayeweza kukabandua bila kilio kufika barabarani.

Kisha dada akaugua tumbo, akapasuliwa. Akalala hospitali, akarudi nyumbani, akapona. Daktari alimwangalia mshono akamruhusu arudi kazini. Mwili ulikuwa tayari, ila uso uligoma. Ulikuwa umepauka, umebonyea mashavuni, kama ukuta uliopigwa msasa ukasahauliwa. Jumamosi mkuu wa kituo alikuja kumjulia hali. Mama mmoja mrefu, mpole wa sauti, na wapole wa sauti ndio mimi nawaogopa. Alikunywa maji, akamtazama dada, akatazama sakafu. Akasema wazazi wameanza kuulizauliza. Jumatatu aje asimame getini kama zamani. Wakimwona mzima, nafasi ni yake. Wakimwona mgonjwa, binti aliyemshikia nafasi ataendelea moja kwa moja.

Alipoondoka, dada alichukua kioo akajitazama muda mrefu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko. Siku ile niliona kidevu chake kinacheza kama cha bintiye. Akamwambia Tetemeko ampake Jumatatu asubuhi, amrudishie uso wake. Mtoto akakaa chini palepale.

Jumapili alikwenda kumwomba mwenye saluni msaada. Mwenye saluni alikuwa na safari, akampa kikopo kilichopasuka na brashi moja, na maneno machache ambayo Tetemeko aliyarudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwamba hailaita ni ya pale ambapo mwanga ungeangukia wenyewe: juu ya mfupa wa shavu, mstari mwembamba wa pua, basi. Kwamba brashi iguse unga kidogo, kisha ipukutwe mpaka uone kama haina kitu. Kwamba mtu akiona umepaka, umeshaharibu.

Jumatatu nilifika mapema, maana familia isiyo na mjomba wa kuisimamia inaangamia. Chumba kile dirisha lake limezibwa na kabati, wanatumia balbu ya manjano. Dada alikuwa amekaa kitini, macho amefumba, mikono imeshika magoti. Tetemeko alisimama mbele yake ameshika brashi, na brashi ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba unga ulidondoka kabla haujafika popote. Kila akisogea shavuni anarudi nyuma. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie, "Mjomba, nikimharibia je? Kazi yake itakuwa imeondoka mkononi mwangu mimi."

Nikamwambia asiwe mjinga, brashi ni brashi, na hapa pana mtu aliyepaka milango ya benki. Nikamshika kiganja kwa nguvu. Mkono ukatulia. Tukachota, tukapaka: mashavu, pua, kidevu, na paji lote la uso, kwa sababu mimi kazi nusu siijui. Alianza kusema kitu kuhusu kupukuta, nikamwambia rangi haipukutwi, inalipiwa. Tulipomaliza, chini ya ile balbu, dada aling'aa kama picha ya kalenda. Alipofumbua macho na kujiona kiooni alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mimi nikafuta mikono kwa leso, kama daktari.

Tukamsindikiza. Dada akaingia getini, sisi tukasimama ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha fundi viatu. Jua lilikuwa limeshapanda, likimpiga dada usoni moja kwa moja pale getini. Tetemeko alikuwa wa kwanza kuona. Alinishika shati. Mama yake, pale juani, hakuwa anang'aa. Alikuwa amelowa. Paji lote, pua, kidevu, vyote vinameta majimaji, kama mtu mwenye homa kali anayevuja jasho.

Mzazi wa kwanza, baba mwenye pikipiki, alimshusha mwanawe, akanyoosha mkono kumkabidhi, kisha akauvuta nyuma. Tulimsikia wazi. "Dada, mbona unatoka jasho hivyo? Homa haijaisha?" Akamkumbatia mtoto kifuani. Dada akajipangusa paji kwa kiganja, akakiona kiganja kinameta, akakificha nyuma ya gauni. Mzazi wa pili akasimama mbali kidogo. Mkuu wa kituo akatoka, akamtazama dada, akamwambia neno moja kwa upole, na dada akaingia ndani kichwa chini. Yule binti wa muda akachukua nafasi getini.

Nimeanguka ngazi mara nyingi maishani. Kuna ile sekunde ambayo umeshaachia lakini hujafika chini. Ndipo nilipokuwa. Nikageuka kumwambia Tetemeko maneno ya kumtuliza, na Tetemeko hakuwepo. Alikuwa anavuka barabara mbio, kikopo kifuani.

Nilimkuta nyuma, kwenye karo za watoto za kunawia mikono, zile fupi zinazofika magotini. Dada amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema mkuu amemwambia asubiri, anamaliza na wazazi kisha aje waongee. Sote tulijua hiyo "waongee" ina maana gani. Tetemeko analia bila sauti huku analowesha kitambaa. Alimfuta mama yake uso wote, akamkausha kwa ncha ya kanga. Ukabaki ule ule uso uliopauka. Viatu vya mkuu vilisikika koridoni, vikasimama, vikaongea na mtu, vikaanza tena.

Tetemeko akashika brashi. Mkono ulikuwa unaruka kama samaki. Mimi, kwa moyo wangu mzuri, nikanyoosha mkono nimshike kiganja.

"Kaka," dada akasema bila kufumbua macho, "mwachie mtoto mkono wake."

Nikarudisha mkono mfukoni. Tetemeko akagusa unga, na nikaona jambo ambalo asubuhi nilikuwa nimelibana kwa vidole vyangu. Kule kutetemeka kwake kulikuwa kunapukuta brashi kwenyewe. Unga ulimwagika kwenye karo, kwenye sakafu, kwenye kiatu changu, na kilichobaki kwenye nywele za brashi kilikuwa kama hakipo. Hicho ndicho alichokipitisha juu ya mfupa wa shavu, kwa kugusagusa, jinsi mkono wenyewe ulivyotaka. Shavu la kulia. La kushoto. Mstari wa pua. Hakuna kilichoonekana kupakwa. Ila uso wa dada ulianza kurudi, kama mtu anayesikia jina lake akiitwa kwa mbali.

Mkuu akatokea mlangoni. Alimtazama dada, akamwomba asogee dirishani kwenye mwanga. Tetemeko aliziba mdomo kwa kiganja, na unga ukamwacha na sharubu za dhahabu. Hata mimi sikucheka. Mkuu alikuwa anafungua kinywa, na hapo getini kikalipuka kilio. Gundi alikuwa amefika.

Kilio kilikuja hadi koridoni, maana yule binti wa muda alishindwa akamleta ndani akiwa amemshika kama mbuzi. Gundi alipomwona dada alinyamaza katikati ya kilio, akanyoosha mikono. Dada akampokea, taratibu, kwa upande usio na mshono. Mtoto akambandika uso shavuni, machozi na makamasi yote, akausugua huku na kule mpaka akatosheka.

Alipoinua kichwa, shavu la kulia lilikuwa limepauka kama Jumamosi. La kushoto bado lilikuwa na uhai wake. Mkuu wa kituo aliangalia hili, akaangalia lile.

"Haya mashavu si ndugu," akasema.

Tetemeko alikuwa ameegemea ukuta, na nilidhani atauangusha. Dada hakugeuza uso kuficha.

"Daktari ameshaniruhusu, na cheti chake unacho," akasema. "Mwili umerudi wote, mama. Uso tu ndio umechelewa njiani."

Mkuu alimtazama Gundi, ambaye alikuwa amelala begani kama aliyezaliwa pale. Akatazama saa yake. Getini pikipiki na magari yalikuwa yanaongezeka. Akamgeukia mpwa wangu, kwa ile sauti ya upole inayonitisha, akamwambia amalizie na upande huu haraka, wazazi wanakuja.

Basi Tetemeko akampaka mama yake mara ya tatu, mkuu akiwa amesimama juu yake, na nawaambieni hakuacha kutetemeka. Alitetemeka zaidi. Na ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Dada alirudi getini na Gundi kiunoni. Yule baba wa pikipiki alikuwa bado yupo pembeni na mwanawe. Alimwangalia, akamwangalia tena, akamshusha mtoto.

Mimi nasema mpaka leo kosa lilikuwa la balbu. Tetemeko hanibishii. Siku ile alikataa kuondoka, alibaki ng'ambo ya barabara, sharubu zake za dhahabu usoni, brashi mkononi, akihesabu kila mzazi aliyenyoosha mtoto na kuogopa atakayefuata, mpaka geti likafungwa, na mama yake yuko upande wa ndani, kazini kwake.