Albamu ya Kumi na Nne ya Royce Tillery

Orville Stamper aliuza bima ya mazishi siku tano za wiki, na ya sita aliwaandikia watu uhakiki wa muziki. Safu yake katika gazeti letu la kila Alhamisi iliitwa "Sikio la Stamper." Hapa Kentucky mashariki, ambako kila familia ina banjo moja na ugomvi mmoja, kuwa sikio la wilaya si cheo kidogo.

Nguzo yake ilikuwa mwimbaji mmoja, Royce Tillery, aliyetoa albamu kila baada ya miaka miwili kama ng'ombe asiyejua kuharibu mimba. Wimbo wa kwanza gari, wa pili msichana ndani ya gari, wa tatu bia, wa nne msichana kaondoka na gari, wa mwisho Yesu. Tulizipenda zote. Nani hugombana na mkate wa mahindi kwa sababu unafanana na wa jana?

Albamu ya tano ilipotoka, Stamper aligundua kuwa uhakiki wa ile ya nne unaienea vilevile. Akabadili jina tu. Tangu hapo, miaka kumi na minane, kazi yake ikawa kubadili jina. "Katika wimbo wa nne gitaa linalia, na wa mwisho utamrudisha mlevi kanisani." Hakuna aliyelalamika, hata walevi.

Albamu ya kumi na nne ilitoka Oktoba. Alhamisi iliyofuata Bi Oma Fugate, mpishi wa shule ya msingi, alinunua magazeti kumi na mawili ya kuwapelekea ndugu. Mwanawe Lonzo, aliyekuwa akiosha magari Nashville, mji wa wanamuziki, miaka sita huku akingoja bahati, alikuwa amepiga fidla katika albamu ile. Bi Oma hakumwambia mtu. Mama akimsifu mwanawe, ni mama tu. Alitaka watu wazisome sifa zake kwa Stamper.

Alisoma safu mara tatu. Kisha akaenda ofisini kwa Stamper na aproni yake kiunoni. Mzee Hobart, jirani yao, alikuwa humo akibishana bei ya jeneza lake.

"Bwana Stamper, wimbo wa nne umeuonaje?"

"Ah, Bi Oma! Lile gitaa linalia kama mjane."

"Mjane yupi? Wimbo wa nne hauna gitaa."

Stamper akakohoa. "Yaani kwa mbali. Kule nyuma."

"Kule nyuma hakuna kitu. Kuna Royce na fidla. Na fidla ni Lonzo wangu."

"Orville," alisema Hobart, "ningekuwa wewe ningejikatia bima sasa hivi."

"Wiki ijayo nitasahihisha," Stamper alisema, masikio yamemwiva. "Ukurasa wa kwanza, na picha!"

"Sidii yako ya albamu hii iko wapi?" Bi Oma akauliza.

Stamper akavuta droo. Ilikuwa ndani ya plastiki yake ya dukani. Chini yake zililala nyingine, zote na plastiki zao.

Bi Oma hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliichana plastiki kwa kucha, akaiweka sidii kwenye mashine, akaruka hadi wimbo wa nne. Fidla ikaingia taratibu, peke yake. Hobart alivua kofia. Ulikuwa wimbo mzuri, na uzuri wake ndio uliommaliza Stamper.

"Lonzo amenipigia asubuhi," alisema Bi Oma. "'Mama, Sikio limesemaje?' Nikamwambia gazeti limechelewa. Mimi, Mbaptisti, nimesema uongo kwa ajili yako. Haya, mwambie mwenyewe." Akabonyeza namba, akampa simu.

"Bwana Stamper!" sauti ikaruka. "Tangu mtoto nasoma safu yako. Umeusikia wimbo wa nne?"

Angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Akamtazama Bi Oma.

"Nimeusikia leo, mwanangu. Sasa hivi. Safu niliandika kabla."

"Kabla ya kusikiliza?"

"Ndiyo."

"Na zile nyingine? Zile tulizonunua kwa neno lako?"

"Zile pia."

Kisha Lonzo akasema kwa adabu, "Naomba unipe mama."

Bi Oma alichukua simu akatoka nayo nje. Ndani, wimbo wa tano ulianza, na wanaume wale wawili walikaa wakiusikiliza, hakuna aliyethubutu kuuzima.