Jogoo Tuliyempeleka Misri

Baba yangu aliwahi kugombana na nchi ya Misri. Aligombana nayo akiwa Kibera, upande wa Silanga, ndani ya chumba kimoja cha mabati, na wala hakuwahi kutoka nje ya Kenya maishani mwake. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka. Wacheke tu. Mimi miaka yote hii kichekesho sijakiona.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa seremala, na kibanda chake cha kazi kilikuwa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwa hiyo kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu. Vitanda vyake vililala watu wengi wa Kawangware ambao sasa wamezeeka. Mama na mimi tulilima sukuma wiki kando ya Nairobi Dam na kuiuza pale pale njiani. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mtoto mgongoni, na nina mdomo ambao mama alisema siku moja utaniletea polisi.

Vumbi la mbao lilikuwa limemwingia baba kifuani. Asubuhi alikohoa mpaka akashika ukuta, na mabati yakatikisika, na majirani wakajua saa ya kuamka imefika. Daktari wa zahanati alimwambia wazi: mzee, ukiendelea na mbao, kifua hiki hakitakuvumilia, tafuta kazi ya hewa safi. Kazi ya hewa safi! Jamani, kwa Nairobi hii? Hewa safi ya baba ilikuwa nyumbani, Magharibi, kwenye kipande chake cha shamba juu kidogo ya mto. Na shamba lile lilikuwa na shida moja tu. Mvua ikikataa, mahindi yanakauka huku unayatazama maji kule chini yakipita, mengi, mekundu, yakienda zake ziwani.

Sasa watu wa kwetu walikuwa wameamua kujenga bwawa. Si bwawa la kupigia picha, ni bwawa dogo la kuinua maji yaingie kwenye mfereji, na mfereji uyapeleke mashambani. Walikuwa wamepata injinia, na wafadhili wa nje waliahidi kuleta saruji na vyuma, mradi wenyeji wachimbe mfereji wenyewe. Wakachimba. Kila boma lilipewa kipande chake, na kama mwenye boma yuko Nairobi, hiyo ni shauri yake: arudi achimbe, au boma lake lisemwe vibaya kila kukiwa na msiba. Baba alikwenda Pasaka akachimba kipande chake kwa mikono yake. Anachimba, anakaa chini anakohoa, anainuka tena. Alikataa kabisa kusaidiwa.

Alirudi Silanga amekonda lakini anacheka. Akaanza kumweleza mama atapanda nini na atapanda wapi, nyanya huku, vitunguu kule, mpaka mama akamwambia apunguze, bado hajawa Mzungu mwenye shamba. Alishakubaliana na mwenzake wa kibanda kwamba bwawa likikamilika atamwachia randa na misumeno. Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bwawa likijengwa baba ataacha mbao, na akiacha mbao atapona.

Halafu baba mdogo akaja kutoka nyumbani. Hakuja na mahindi wala ndizi, alikuja na maneno. Kazi imesimamishwa. Wafadhili wamesema hawatoi hata mfuko mmoja wa saruji mpaka nchi ambako maji haya yanateremkia zikubali, na yenye neno la mwisho ni Misri. Alieleza alivyoelezwa: mto wetu unaingia ziwani, ziwa linatoa Naili, Naili inakwenda mpaka Misri, na kuna mkataba wa zamani, Mwingereza aliandikiana na Misri akiwa bado anatutawala, kwamba sisi wa huku juu tusijenge kitu kwenye maji hayo bila ruhusa yao.

"Misri ipi?" baba akauliza. Alikuwa shemasi wa kanisa, na Misri aliyoijua ilikuwa moja.

"Hiyo hiyo."

"Ya Farao?"

"Hiyo hiyo, mzee."

Baba akasema, "Mvua imenyesha kwangu, mto umepita kwangu, mfereji nimechimba mimi. Huyo Farao ananijua?"

Wee! Mimi nilipanda juu kama maziwa kwenye sufuria. "Kwani wakiandikiana sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tumeenda choo?" Mama akaniambia ninyamaze, baba mdogo ni mgeni. Sikunyamaza. Mtu anaingia kwako, anamwandikia mwenzake maji yako, anakunja bendera yake anaenda kwao, na sahihi yake inabaki inakukataza kumwagilia vitunguu! Niliuliza ni nani aliyemruhusu. Baba mdogo akasema yeye ametumwa tu, nisimpigie kelele.

Jumapili wazee wa kanisa wakakaa juu ya jambo hilo, kwa sababu wengi wao walikuwa wa kule kule na walikuwa wamechimba. Wakaleta ramani ya shule. Misri iko juu kwenye ramani, sisi tuko chini, na ubishi mrefu ukazuka juu ya jinsi maji yanavyoweza kupanda, mpaka mtu mmoja aliyesoma akawatuliza. Ndipo wakaona kwamba Naili kabla ya kufika Misri inapita Sudan. Na hapo wakafanya kosa ambalo ni watu wa Kibera tu wangeweza kulifanya.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Mnubi. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Sudan walioletwa na Mwingereza, wamekuwa pale tangu Kibera ikiwa msitu. Huyu wetu alikuwa mama mzee, na ploti nzima ilimwita Habuba, yaani nyanya, jinsi wajukuu zake walivyomwita. Wazee wakatazamana. Kumbe wale wa chini ya mto wana jamaa yao hapa hapa, na kila mwezi tunampelekea kodi!

Kwetu, maboma mawili yakikosana juu ya maji au mpaka, hamkimbilii kwa chifu. Mnachukua wazee, mnachukua jogoo, mnaenda kwa wenzenu mnakaa chini. Basi wakatafuta jogoo mwekundu, wakaongeza sukari na majani chai. Jogoo alipelekwa akiwa hai, maana Habuba ni Mwislamu na lazima achinjwe na mtu wake. Wakavaa suti za kanisa, baba akiwa mbele. Jogoo nilimshika mimi, kwa sababu nilitaka kuwapo na hakuna aliyethubutu kuniambia nibaki.

Habuba alikuwa uani kwenye mkeka akipeta mchele. Kuona wanaume wamevaa suti na wana jogoo, akacheka. "Karibuni, karibuni! Mmekuja kuposa? Mjukuu wangu gani mmemtaka?"

Baba akavua kofia. "Mama, sisi tumekaa kwako vizuri, hatuna ugomvi na wewe. Tunaomba tu utufikishie neno kwa ndugu zako wa kule chini, Sudan na Misri. Waambie hatutaki kuwamalizia maji. Ni mfereji mdogo. Wewe watakusikiliza."

Habuba akaweka ungo chini. Niliona kicheko kikimtoka usoni.

"Ndugu zangu wa wapi?"

Mzee mmoja, hana akili hata kidogo, akaonyesha kaskazini kwa fimbo.

"Wallahi, nyinyi watu!" Habuba alisimama, na hakuwa mtu wa kusimama ovyo kwa magoti yale. "Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu amezikwa hapa, mnampita mkienda kanisani kwenu. Kwenye hiyo Naili sijawahi hata kunawa mikono. Mwanangu anaomba kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha babu yake, akileta anaambiwa alete cha babu wa babu. Kule ofisini mimi ni mgeni. Sasa na nyinyi, wapangaji wangu, mnaniletea jogoo niwe balozi wa Misri! Misri wananijua? Nikibisha hodi kwao nitafunguliwa?"

Wazee wote wakaangalia viatu vyao. Jogoo akapiga kelele mikononi mwangu, nikamfinya.

"Na nisikilize vizuri, fundi," akamwambia baba. "Huyo Mwingereza aliyewaandikia Misri maji yenu, ndiye huyo huyo aliyemshikisha babu yangu bunduki, akampeleka vitani, akamwambia kaa hapa Kibera, ni pako. Babu akaomba karatasi ya ardhi. Ameiomba mpaka amekufa. Wamisri walipewa karatasi ya maji ambayo hata hayakuwa ya Mwingereza. Sisi tuliomfia, ya ardhi tukanyimwa. Na hawa waliochukua serikali kwake, karatasi ya Misri wameitunza, yangu wamekataa kuiandika. Hao ndio wa kuulizwa. Mimi mnaniuliza nini?"

Nilisema "Amina" kwa sauti, mbele ya wazee wa kanisa, na sikuona haya. Baba akaomba radhi, akaniashiria tuondoke na jogoo wetu.

"Jogoo abaki," Habuba akasema. "Mmeshanitukana, sasa mtakula hapa hapa." Akamwita mwanawe aje achinje. Siku hiyo mashemasi walikula pilau uani kwa Mnubi, wamekaa mkekani na suti zao, na Habuba akampikia baba tangawizi ya kifua huku bado anamgombeza.

Tangu siku hiyo hasira yao ikawa moja. Habuba hakuwa mtu wa kupendelea upande mmoja. Alituambia kwamba watu wa kule chini wako jangwani, hawana mvua, mto ukikauka wamekwisha. Sawa. Mimi pia ni mama, siwezi kumnyima mtoto wa Misri maji ya kunywa. Lakini mtoto wa Misri hakuniuliza mimi, na mimi sikuulizwa na mtu yeyote, na wote waliokuwa na haki ya kusema walikuwa na mabomba yanayotoa maji nyumbani kwao.

Uchaguzi ulipokaribia, mheshimiwa mmoja wa upande wetu akaja Kawangware kuwasalimia watu wa nyumbani. Habuba ndiye aliyemtuma baba. Alimwambia asirudi bila kuuliza. Tukaenda, baba akakaa mbele, na ilipofika nafasi ya maswali akainua mkono.

"Mheshimiwa, uhuru ulikuja nikiwa kijana. Bendera ya Mwingereza niliiona ikishushwa. Karatasi yake ya maji mbona haikushushwa? Kwetu tumechimba mfereji, na umekaa bure."

Watu wakapiga makofi mpaka mabenchi yakalia. Mheshimiwa akangoja yaishe, akatabasamu.

"Mzee wangu, hayo ni mambo ya nchi na nchi, ni mambo nyeti. Tunazungumza nao taratibu. Wewe si ni fundi? Niachie mimi Misri, wewe nitengenezee kiti kizuri cha kukalia bungeni."

Wakacheka. Wale wale waliopiga makofi! Waliochimba na baba, waliokula pilau na baba, walicheka wakapigana mabega.

Haki ya nani, sijui nilifikaje mbele. "Taratibu mpaka lini? Huyu mtu anakohoa sasa hivi! Mfereji ameuchimba na kifua kibovu, wewe unamwagiza kiti?" Kijana mmoja wa mheshimiwa akanishika mkono. "Siste, tulia, usituharibie mkutano." Nikamwambia mkutano wenyewe ulioza kabla sijafika. Tukatolewa nje, mimi kwa kusukumwa, baba kwa miguu yake mwenyewe na kofia mkononi.

Nje nilitukana mpaka matusi yakaniisha. Baba alikuwa anapangusa vumbi kwenye kofia. "Ameniita fundi," akasema. "Si uongo." Nikaanza kulia pale barabarani kama mtoto.

Hakurudi nyumbani Magharibi kulima. Mama alimsihi, Habuba alimsihi. Alisema mtu mgonjwa kwenye shamba kavu ni mzigo wa majirani, na bora Kongo, ambako angalau kitanda anakitengeneza kikakamilika. Akarudi kwenye mbao, akafanya kazi mpaka randa ikamshinda mkono.

Siku ya mwisho ninayoikumbuka vizuri alikuwa kitandani, mchana, Habuba amekaa na bakuli la uji, mama na mimi tumetoka kwenye sukuma. Redio ilikuwa inasoma taarifa. Mawaziri wa nchi za Naili walikuwa wamekutana hotelini kuzungumzia maji. Mama akaongeza sauti. Kikohozi kikamshika baba katikati ya taarifa, kikamshika vibaya, na kilipomwachia habari zilikuwa zimeshafika kwenye michezo.

"Wamesema nini?" akauliza.

Mama akatazama nje. Habuba akakoroga uji. Ikabidi nijibu mimi. "Wamesema wamezungumza vizuri, na watakutana tena."

"Lini?"

"Hawakusema."

Baba aliitikia kwa kichwa. Miaka mingi alikuwa mtu wa vikao vya kanisa, na kikao alikiheshimu, hata asichoalikwa.

"Basi niombeeni msamaha," akasema. "Mimi sitafika."

Tulimzika kabla hawajakutana. Na katika jambo lile lote, tangu Mwingereza na sahihi yake mpaka mheshimiwa na kiti chake, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuomba msamaha.