Msiba Tuliomtangazia Trafiki

Usiku ule nililala na kiburi cha mtu aliyemzidi askari ujanja. Tulikuwa nyumba ya wageni pale Manyoni, mimi, mke wangu Zawadi na binti yetu Neema wa miaka sita, njiani kwenda Nzega kula likizo. Mchana wake, kabla hatujafika Manyoni, trafiki alikuwa amenipiga tochi ya kupima mwendo nikipita kibao cha hamsini kwa mwendo wa themanini na tisa. Nilishusha kioo, nikakunja uso, nikasema, "Afande, tunawahi mazishi. Bibi yangu amefariki, wanatusubiri sisi tu."

Bibi Nyamizi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, tulimzika miaka mitatu iliyopita.

Askari akavua kofia. "Poleni sana, ndugu zangu. Piteni. Nitawapigia simu wenzangu huko mbele, wasiwasumbue."

Niliondoa gari nikicheka. Zawadi hakucheka. Kutoka kiti cha nyuma Neema akauliza, "Baba, Bibi amekufa tena?" Nikamwambia hayo ni mambo ya wakubwa.

Sasa, usingizi uliponichukua nikajikuta palepale kwenye usukani. Barabara ni ileile na jua ni lilelile, ila Zawadi hayupo, na kiti cha nyuma kimepata mtu. Bibi amekaa ubavuni mwa Neema, amejifunga kanga yake ya bluu, ile aliyozoea kupalilia nayo karanga. Sikushangaa. Ndotoni marehemu haulizwi ametokea wapi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Bibi yangu, aliyekuwa akiitikia hata shikamoo ya mlevi! Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Mara hatumo garini tena, tumo jikoni kwake Nzega, moshi na harufu ya karanga za kukaanga, naye amekunjua kitambaa cheupe mapajani. Mara tumo garini, na kitambaa bado anacho. Ni sanda. Anaipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole, vile alivyokuwa akipima vitambaa vya sare zetu za shule.

"Bibi, hiyo ni ya nani?"

"Wewe ndiye uliyetangaza msiba," anasema, bila kuinua macho. "Mimi zamu yangu ilishapita."

Nataka kupunguza mwendo. Mguu hauinuki. Kibao cha hamsini kinapita, kingine kinapita, mbuzi wanatawanyika, akina mama wanavuta watoto wao pembeni, na mimi naushika mguu wangu kwa mkono kuung'oa pale kwenye pedali ya mafuta, hautoki. Mbele namwona trafiki. Maishani mwangu sijawahi kumfurahia trafiki namna ile. Napiga honi, natoa mkono dirishani, napiga kelele, "Afande, nisimamishe! Nimezidisha mwendo!"

Anavua kofia. "Poleni sana. Piteni."

Wa pili naye anavua kofia. Wa tatu anayazuia magari mengine ili sisi tupite vizuri. Nalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zangu, na kila ninayemlilia anadhani namlilia marehemu.

Nageuka nyuma. Bibi amefikia urefu anaoutaka na ameanza kukichana kitambaa. Ni kipande kifupi. Neema, asiyejua lolote, amemwegemea, amenyoosha miguu ili apimwe vizuri.

Nikajaribu kusema nimedanganya. Sauti haikutoka.

Bibi akanitazama, kwa mara ya kwanza. Uhai wake wote alikuwa akiniita mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Safari hii aliniita kwa jina.

"Shija, uliomba njia. Umepewa."

Nikazinduka mguu wangu wa kulia umekandamiza ubao wa kitanda hadi unauma, shuka limelowa jasho. Zawadi alikuwa macho ananitazama.

"Unasukuma nini?"

"Breki," nikamwambia.

Kulikuwa kunapambazuka. Neema alikuwa amelala katikati yetu, nikampapasa miguu, mmoja kisha mwingine. Ilikuwa na joto. Akafumbua macho.

"Neema, mwanangu, Bibi hajafa tena," nikasema. "Baba alidanganya."

Akafikiri kidogo, akipiga miayo. "Yule polisi umeshamwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nje, gari letu lilikuwa limeegeshwa, pua imeelekea Nzega, na huko mbele kote askari walikwisha kuambiwa watuache tupite.