Kanga Isiyo na Chama

Watu wa Rockey Street, hapa Yeoville, wakikuambia Zabibu ana mdomo, waambie wamekosea. Mdomo ninao mimi, Mama Suhaib, muuza sambusa, na siukatai. Zabibu wa Tanga, muuza kanga, hasemi. Zabibu huvaa.

Ukimkosea hakujibu. Kesho yake atapita mbele ya biashara yako kajifunga kanga, anatembea polepole utadhani yeye ndiye bibi harusi, mpaka usome jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa pale chini. Mimi mwenyewe nilitembezewa JICHO LA HUSUDA HALINA KOPE wiki nzima kwa sababu nilisema pilau yake ina chumvi. Ilikuwa na chumvi. Mpaka leo nasema.

Sasa mtu mwenye silaha kama hiyo, Mungu akamjaalia mtoto mmoja tu, Bushra, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, asiyejua kusoma kanga. Kiswahili anakisikia: njoo, kula, oga, nyamaza. Lakini kujibu, anajibu Kiingereza, na akikasirika, Kizulu. Akichelewa kurudi nyumbani kwao Observatory, mama anavaa ASIYESIKIA LA MKUU. Akiona haya kuongea lugha ya kwao mbele ya wenzake, mama anavaa MCHEZA KWAO HUTUNZWA. Naye Bushra hupita, akambusu shavuni, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba rangi imemkaa. Rangi!

"Naongea na ukuta, shoga," Zabibu aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga. "Nikifa, mtoto huyu atanizika na hajui nilikuwa namwambia nini."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nikampa sambusa.

Basi Bushra akapata kazi, na kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Ni jumuiya ya wabunge wa majimbo pamoja na wasaidizi wao, wa vyama vyote kwa pamoja. Inawafundisha kuandika miswada, inawafanyia utafiti, inawakutanisha na wageni wa nchi nyingine. Yenyewe haina upande, na ole wako uonekane una upande. "Kumbe ni chama kisicho na chama," nikasema. Bushra akacheka, akasema hivyo hivyo. Alikuwa bado kwenye majaribio, na mkubwa wake, Bi Lindelwa, mama wa sauti ndogo na miwani mikubwa, alishamwambia waziwazi: mkutano mkuu wa Midrand ndio mtihani wako. Ukienda vizuri, kazi ni yako. Ukiharibika, tutakuandikia barua nzuri ya kukuaga.

Mtihani ulianzia kwenye rangi. Wajumbe wote walitakiwa kuvaa vizibao vya aina moja, ili mtu asijue nani wa chama gani. Vya rangi gani, sasa? Kijani ina wenyewe. Njano ina wenyewe. Buluu ina wenyewe, nyekundu ina wenyewe, na wenyewe hawataniwi. Nyeupe, mtu atasema wamesalimu amri. Nyeusi, mtu atauliza kafa nani. Bushra alikaa kwenye kibanda cha mama yake kashika kichwa. Nchi nzima hii, hakuna rangi iliyobaki bila chama!

"Kahawia," akasema Zabibu.

Mimi nikajua mara moja anakusudia nini. Alikuwa na robota la kanga za kahawia lililolala pale kwa muda mrefu, rangi ya chai iliyomwagika ikakauka. Wanawake wa Yeoville walilipenda jina wakaikataa rangi. Na jina lenyewe lilikuwa hili: SEMENI MCHOKE, TUMESHAZOEA.

Bushra akaikunjua moja, akaitazama, akasema ni nzuri, haina chama. Maneno hata hakuyatupia jicho, alidhani ni nakshi. Alipoondoka, Zabibu akanishika mkono.

"Shoga, hawa ni wabunge. Kusema ndiyo kazi yao. Nikiwavisha SEMENI MCHOKE, mwanangu hana kazi."

Akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu nimfahamu: akaamua kuinyamazisha kanga. Tukaenda pamoja kwa Firmin, fundi cherehani wa Lubumbashi kule Kongo, jirani yetu, mwanamume ambaye hata akienda kununua vitunguu anafunga tai. Zabibu akamwambia, nami nikisikia kwa masikio yangu: "Fundi, haya majina toa yote. Sitaki mchezo. Toa!"

"Nitatoa, mama," Firmin akajibu, mkono kifuani. "Nitatoa muzuri kabisa."

Siku ya mkutano Bushra alinipa oda ya sambusa za chai, na Zabibu akaja kunisaidia kubeba. Ukumbi ulikuwa mkubwa na baridi. Firmin alikuwa amekwisha kuleta vizibao asubuhi katika mifuko miwili, na Bushra akagawa: mfuko mmoja kwa safu za kulia, walikokaa wa serikali, mfuko wa pili kwa safu za kushoto, walikokaa wapinzani. Sisi tulisimama nyuma na birika zetu. Mbele, kwenye meza kuu, walikaa wageni wa heshima, na mmoja wao alikuwa Mzee Ameir, katibu mstaafu kutoka Unguja, kofia yake imenyooka na uso wake umenyooka vilevile.

Mama mmoja wa upinzani akapita kuchukua chai. Akageuka. Mgongoni, katikati ya mabega, kwa herufi kubwa, SEMENI MCHOKE.

Zabibu akaachia koleo la sukari. Kabla sijasema Mungu wangu, bwana mmoja wa upande wa serikali akainama kuchukua sambusa, na mgongo wake ukajibu: TUMESHAZOEA.

Firmin alikuwa mlangoni anaitazama kazi yake kwa raha. Zabibu alimvuta tai mpaka pembeni.

"Nilikwambia toa majina!"

"Na nimetoa, mama! Nimeyatoa inje, kila mutu ayaone. Yalikuwa marefu, nikagawa mbili, nusu huyu, nusu yule."

"Kutoa ni kuondoa!"

"Aaa." Firmin akakuna kidevu. "Kwetu kuondoa ni kutosha. Ungesema 'tosha majina', ningetosha. Weye ulisema toa. Kutoa ni kama sadaka, unaitoa, watu banaiona."

"Kutosha ni kutosha! Ni basi! Imetosha, Firmin!"

"Sasa unataka nitoshe?" akauliza, na akachomoa mkasi mfukoni. Wallahi, mkasi, na wabunge wamekwisha kuvaa.

Mambo ya mbele nayo yakaanza. Kila msemaji akienda kwenye kipaza sauti anawatazama wajumbe, na mgongo anawapa meza kuu. Mama wa upinzani akasema, akasema, akasema, kuhusu barabara na mashimo yake, na Mzee Ameir nyuma yake anasomeshwa SEMENI MCHOKE. Nikaona kofia inatikisika. Akaja bwana wa serikali kumjibu. Akarekebisha miwani, akakohoa, akageuza mgongo: TUMESHAZOEA. Maskini mzee! Alikamata kitambaa cha meza, akajiziba mdomo, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Mlinzi Mkongo wa mlangoni alishatoka nje kwenda kucheka vizuri.

Bwana wa serikali akakatiza hotuba, akageuka kumtazama mzee. Bi Lindelwa akasimama, na kwa sauti yake ndogo akamuuliza Bushra kuna nini kilichoandikwa kwenye migongo ya watu wake.

Bushra hakujua. Alisimama katikati ya ukumbi, anageuza macho kutoka mgongo hadi mgongo, midomo inasoma herufi, haipati kitu. Kisha akatutazama sisi huku nyuma, akaita. Aliita kwa Kiswahili, mbele za watu wote, lafudhi yake imepinda kila upande:

"Mama? I... inasema nini?"

Nikamkanyaga Zabibu mguu. "Sema ni amani na upendo," nikamnong'oneza. "Sema ni karibuni. Danganya, mwanamke!" Maisha yake yote alilingoja swali hilo kutoka kinywa hicho, na lilipokuja limekuja siku ambayo jibu lake linaweza kumfukuzisha mtoto kazi.

Zabibu akanyoosha shingo. "Inasema, semeni mchoke, tumeshazoea," akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Wale wanawaambia hawa, na hawa wanawajibu wale. Ndiyo kanga, mwanangu. Kanga husema."

Bushra akafikiri. Nikaona Kiswahili kinamwingia polepole, neno kwa neno. Halafu akaangua kicheko, akajishika mbavu, na huku anafuta macho akawatafsiria wajumbe kwa Kiingereza, bila kupunguza hata chembe.

Nikaanza kukusanya vyombo vyangu.

Aliyeanza kucheka ni yule mama wa barabara. Lakini wabunge ni wabunge, kicheko hakijaisha ugomvi ukazuka. Mama yule akasema haiwezekani wao wawe ndio wa SEMENI MCHOKE, kwa sababu waliozoea ni wao, wamezoea ahadi hewa. Bwana wa serikali akasema ah, sisi ndio tumezoea kelele zenu, na kizibao chake hakivui. Kila mtu alitaka TUMESHAZOEA. Wakaanza kubadilishana, kuvuana, kuombana, wa kushoto wameingia kulia, wasaidizi wao wanakimbia na vizibao mikononi, mpaka ukitazama hujui tena nani wa chama gani. Sambusa zikaisha zote.

Bi Lindelwa alimwambia Bushra, Jumatatu ofisini kwangu. Basi. Hakucheka, hakununa. Jumamosi na Jumapili Zabibu hakula, na kanga aliyovaa aliigeuza nje ndani, hakutaka kusema na mtu.

Jumatatu Bushra akarudi na kazi yake, alhamdulillahi, na sharti moja: mwakani wajumbe wanataka kanga tena, na safari hii azisome mwenyewe kabla hazijafika kwa fundi. Kwa hiyo akaanza kukaa kibandani kila Jumamosi, mama yake anakunjua, yeye anasoma, anakosea, anauliza. Walikuwa na kelele hao! Mimi nikalalamika wananifukuzia wateja. Hawakunifukuzia, lakini lazima mtu alalamike.

Juzi nikawa kwao Observatory, Bushra karudi kachelewa tena. Zabibu akaingia ndani kubadilisha, akatoka na ASIYESIKIA LA MKUU, akapita mbele ya binti yake taratibu, akarudi, akapita tena. Bushra akasoma. Nilimwona anasoma, mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka amejifunga ile kanga ya kahawia, moja iliyosalimika na mkasi wa Firmin, nzima, haijakatwa, na akatembea polepole mbele ya mama yake, mgongo umenyooka, kiuno kinacheza, akageuka mlangoni ili isomeke vizuri.

SEMENI MCHOKE, TUMESHAZOEA.

Nikaruka kwenye kiti. "We mtoto! Mama yako huyo!"

Zabibu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ushungi.

"Kanitukana, shoga!" akasema. "Umemwona? Mwanangu kanitukana kwa Kiswahili!"